Tulimuuliza Kila Mtu Isipokuwa Yeye



Wengi wenu mnatujua kwa magauni. Sisi ni wale wa cherehani, tunaoshona shela, kutia shanga na kupunguza viuno usiku wa kuamkia harusi. Leo hatuandiki habari za kitambaa. Tunaandika habari za dada yetu mkubwa, ambaye sasa anasoma shahada ya uzamili ya sheria, jioni na siku za mapumziko, na tasnifu yake inahusu sheria ya afya ya akili. Mchana yuko ofisini kwake. Usiku anakaa nasi kwenye meza ya kukatia, vitabu vyake upande mmoja, shanga zetu upande mwengine.

Tunasema "sisi" kwa sababu tuliyoyafanya tuliyafanya pamoja: mama, mama mdogo, na sie wadogo zake. Hakuna mmoja wetu anayeweza kujitoa. Na tunaandika kwa ruhusa yake. Ameisoma habari hii yote kabla yenu, akafuta mistari miwili, na tukamwachia aifute. Mbele mtaona kwa nini ruhusa hiyo ni jambo kubwa kwetu.

Mwaka wa kikombe

Waliokuwa watu wazima mwaka 2011 wanakumbuka. Kijiji cha Samunge, huko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kilitajwa katika kila nyumba, bara na visiwani. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ikimwita Babu, alisema ameoteshwa dawa. Mti uitwao mugariga ulichemshwa, na mgonjwa akanywa kikombe kimoja kutoka mkononi mwa Babu mwenyewe, kwa shilingi 500. Hakuna aliyeruhusiwa kuichukua nyumbani. Ilisemwa inafanya kazi pale pale tu. Watu walikwenda na kisukari, saratani, presha, pumu na Ukimwi. Wenye fedha walishuka kwa helikopta, wengine walipanda malori. Walikwenda Waislamu na Wakristo, wakubwa wa serikali na wachuuzi wa sokoni. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita, na wapo waliofariki humo njiani kabla ya kukifikia kikombe. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wapya wasije mpaka Aprili mosi, ili waliokwishafika wamalizike.

Dada yetu alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa pili wa mwaka huo. Siku ya sita aliacha kulala. Siku ya tisa akasema mtoto si wake, amebadilishwa, na akataka kutoka na kanga moja usiku kwenda kumtafuta wa kwake. Tulimpeleka hospitali. Daktari alituambia hiki ni kichaa cha uzazi, kinatibika, akatoa vidonge na tarehe ya kurudi.

Tungekuwa na akili ya leo tungelishukuru neno lile "kinatibika". Lakini sisi tulilisikia neno "kichaa" tu. Mnajua kwetu mtu akitajiwa Kidongo Chekundu watu wanavyocheka. Tuliogopa jina kuliko ugonjwa. Tulikuwa na wasichana wengine ndani ya nyumba hawajaolewa, na cherehani yetu ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupata wateja. Nani angeleta gauni la harusi nyumba yenye mwendawazimu?

Tukakaa kikao. Baba alikuwepo, mama, shemeji, ami yetu, na jirani ambaye mumewe alikwenda Samunge na kisukari akarudi akijisifu. Tulimuuliza shemeji, akasema chochote kitakachomponya mke wangu. Tulimuuliza shekhe wa mtaani, akatuasa tusiamini kuwa kikombe kinaponya chenyewe, mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Tulimuuliza dereva bei ya gari. Dada alikuwa chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi.

Vidonge tuliviacha kabatini. Tulisema dawa mbili zitagombana mwilini.

Tulipanda boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Arusha, kisha gari la kukodi kupitia Mto wa Mbu na Engaruka, vumbi tupu, mpaka pembeni mwa Ziwa Natron na kupanda juu. Mtoto tulimwacha kwa bibi yake. Dada tulimlaza kiti cha nyuma, mikono tumemfunga kwa kanga. Ndani ya kanga tulitia pamba ili asipate alama. Tulijiona watu wa huruma kwa ile pamba. Maziwa yalikuwa yakimtoka na kulowesha gauni, na kila tukimbadilisha linalowa tena.

Mahali fulani njiani alitulia, akatutazama mmoja mmoja, akauliza:

"Mnanipeleka wapi?"

Mmoja wetu akajibu, na wengine tukaitikia: "Tunakwenda harusini."

Akafikiri kidogo. "Nitavaa nini?"

Sisi, watu wa magauni, hatukuwa na jibu.

Tulikaa foleni siku mbili na usiku wake. Ilipofika zamu yetu kikombe kililetwa dirishani. Dada aligeuza uso. Tulimshika taya. Nusu ilikwenda tumboni, nusu ilimwagikia kanga. Tukageuza gari.

Hatumlaumu Babu, aliyefariki Julai 2021. Hakutuita, hakumfunga mtu, na hatukusikia mtu yeyote pale akituambia tuache vidonge. Mkono uliomshika taya ulikuwa wetu.

Siku nne baada ya kurudi alikuwa kimya, na sisi tukagawa sadaka. Siku ya tano hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Safari hii alilazwa wodini, vidonge vikaanza upya, na kufikia mwezi wa sita alikuwa anamnyonyesha mtoto kwa chupa na kumwita kwa jina lake. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yameshakatika.

Alipona, alhamdulillahi. Kisha ikapita zaidi ya miaka kumi, hakuna aliyelitaja neno Samunge ndani ya nyumba yetu.

Alipoanza kusoma tena

Dada alikuwa na shahada ya kwanza ya sheria kabla ya kuolewa. Sisi wengine tuliishia skuli ya sekondari, tukaenda kwenye kozi ya ushoni. Kwa hivyo aliposema anataka kurudi chuoni, tulidhani ni kwa ajili ya cheo. Akasema hapana. Anataka kusoma sheria inasema nini juu ya mtu kama alivyokuwa yeye kwenye kile kiti cha nyuma.

Alitafuta kwanza nje. India, katika mji wa Pune, kuna chuo cha sheria kilichoanzisha stashahada ya sheria ya afya ya akili na haki za binadamu kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, na wanafunzi husoma kwa masafa na kukutana kwa muda mfupi. Uingereza nako zipo shahada za uzamili za aina hiyo. Alipotuonyesha ada tulizidisha kwa bei ya gauni, tukaona tutashona mpaka Kiyama. Akajiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na ni chuo cha watu wa namna yake: wenye kazi, wenye watoto, wenye futari ya kupika.

Tumekubaliana hivi: fedha ya shanga ya harusi za Mfunguo Mosi ni ya ada. Kwa hivyo ukiona bei yetu ya shanga imepanda kidogo baada ya Ramadhani, tusamehe, na ujue ina kazi njema. Shemeji ndiye anayempeleka kijana wao masomoni na kumrudisha siku za darasa. Shemeji hakuondoka, Allah amlipe.

Yeye husoma kwa sauti, sisi tunashona. Hivyo ndivyo na sisi tulivyosoma bila ya kujiandikisha. Haya machache tuliyoyashika.

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya afya ya akili ya mwaka 2001, na Tanzania Bara ina Sheria ya Afya ya Akili Namba 21 ya mwaka 2008, iliyofuta ile ya zamani ambayo hata jina lake lilikuwa la "magonjwa ya akili". Uganda nao mwaka 2018 walitunga yao, wakaiacha ya mwaka 1964.

Sheria ya Bara inatofautisha anayelazwa kwa hiari yake na anayelazwa bila ya hiari. Huyu wa pili halazwi kwa neno la ndugu peke yake. Ipo njia iliyoandikwa, yenye maombi na uchunguzi wa wataalamu. Kufungwa kamba ndani ya gari usiku hakumo katika njia hiyo.

Upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ambao unawahusu pia wenye ulemavu wa akili. Kifungu chake cha 12 kinasema watu hao ni sawa na wengine mbele ya sheria: wana jina, wana mali, wana neno lao, na wakihitaji msaada wa kuamua basi wasaidiwe kuamua. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Dada alituhesabia kwa vidole: miaka miwili kabla ya Samunge.

Na lipo hili linalotuumiza. Katika Kanuni ya Adhabu ya Bara, kifungu cha 217, mtu aliyejaribu kujiua akanusurika ana kosa la jinai. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Sisi Waislamu tunajua kujiua ni dhambi kubwa na hatulifanyi jepesi. Lakini dada anauliza: mama aliyeokolewa kwenye kisima siku ya ishirini baada ya uzazi, apelekwe kwa daktari au kituo cha polisi? Na akijua atapelekwa polisi, ndugu zake watamleta hospitali au watamficha?

Sisi tulikuwa na jibu. Tungemficha.

Usiku mmoja alikuwa anasoma juu ya ridhaa ya mgonjwa. Akasimama katikati ya sentensi. Akauliza, bila ya hasira:

"Hivi siku ile, nani aliniuliza?"

Cherehani zilinyamaza. Mama akasema, "Mwanangu, ulikuwa huna akili zako. Ungeelewa nini?"

Dada akasema, "Nililielewa neno harusi."

Tulilia sote usiku ule, na gauni la mtu likaingia doa la wanja. Alitueleza kuwa kanga mikononi alishaisahau. Kilichobaki ni uongo. Kwa wiki nzima kwenye lile vumbi alikuwa anasubiri kufika harusini, na alipowaona watu wengi alidhani ndiyo harusi yenyewe, na aliona aibu kwa sababu gauni lake lilikuwa limelowa maziwa.

Karatasi ndani ya daftari la oda

Katika kusoma kwake alikuta sheria ya India ya mwaka 2017 inayompa mtu haki ya kuandika mapema, akiwa mzima, vipi atakavyo atibiwe siku akiugua akili, na nani amsemee. Akasema, kwa nini tusubiri mpaka sheria itulazimishe? Akaandika yake kwa mkono, karatasi moja, akatusomea, tukatia saini sote pamoja na shemeji. Kwetu ile karatasi ni ahadi ya ndugu. Tunaiweka ndani ya daftari la oda, kwa sababu daftari lile halipotei. Ametupa ruhusa tuwape yaliyomo:

Nikikosa usingizi usiku tatu mfululizo, niulizeni. Msisubiri wa nne.

Nipelekeni kwa daktari wangu, jina na namba ni hii. Dawa zinazonifaa ni hizi, na hii iliwahi kunidhuru.

Msiniachishe dawa bila ya daktari. Nisomeeni Qur'ani, napenda, lakini nisomeeni na vidonge nikinywa.

Mtoto akae na baba yake. Aambiwe mama anaumwa, na asiambiwe mama kasafiri.

Nikiwauliza mnanipeleka wapi, niambieni kweli, hata kama mnadhani sisikii.

Ramadhani iliyopita ile karatasi ilifanya kazi. Tasnifu ilikuwa imembana, ofisini mwisho wa hesabu, daku inamkuta yuko macho. Tulipomsikia saa tisa usiku anapanga upya shanga zetu zote kwa rangi, mara ya tatu, tuliangaliana. Zamani tungekwenda chumba cha pili tukakaa kikao. Safari hii tulikwenda alipo, tukakaa chini, tukamwambia: "Dada, hizi ni usiku tatu. Karatasi imesema tukuulize."

Alikasirika. Tusiwadanganye. Alisema yu mzima, tunamwonea, na yeye ndiye anayeijua sheria. Mama akasema tu: "Maandishi ni yako." Alikaa kimya mpaka adhana ya alfajiri. Kisha akasema, "Basi twendeni asubuhi. Nitakaa mbele."

Alikwenda kwa miguu yake. Daktari aliongeza dozi na kumtaka alale na asifunge kwa siku alizomwambia. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa hiyo, naye akalipa baadaye. Chuoni aliomba kuahirisha, akapoteza muhula mmoja. Hakulazwa, wala mikono yake haikufungwa. Wiki ya tatu alikuwa anatukosoa mapindo.

Muhula mmoja ni fedha, na fedha ile ilitoka kwenye shanga. Lakini tukipiga hesabu ya mwaka 2011, tulipoteza miezi minne, maziwa ya mtoto, na miaka mingi ya kimya.

Kurudi Samunge

Alipopata nafuu kamili alisema anataka kwenda Samunge. Tulishtuka. Akasema, "Naandika juu ya watu waliopelekwa pahala bila ya kuulizwa, na mimi pahala penyewe sipajui. Mnakuja?" Tukamuuliza kwanza daktari wake kasemaje. Akacheka, akasema, "Mmeanza kufundishika."

Tulikwenda watatu. Mama hawezi tena safari ndefu, magoti. Njia ilikuwa ile ile, lakini dada alikaa kiti cha mbele, na yeye ndiye aliyekuwa akimwambia dereva simama hapa, twende. Tulipofika chini ya mlima wa Ol Doinyo Lengai alimsimamisha, akashuka, akautazama muda mrefu. "Huu sikuuona," akasema. Kweli. Kutoka sakafu ya kiti cha nyuma mlima hauonekani.

Samunge ni kijiji kizuri, dada zetu. Sisi katika akili zetu kilikuwa ni vumbi, magari na mikojo ya foleni. Kumbe ni bonde la kijani. Wenyeji wake ni Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, na tangu zamani wanalima kwa mifereji. Mama mmoja aliyetukaribisha maji alituonyesha mfereji na kutueleza kuwa kila shamba lina zamu yake, na wazee ndio wanaosimamia, hakuna anayejifungulia tu. Dada alifurahi kama kapewa kitabu. "Hata maji yana sheria," akasema, "na hata maji mtu anaulizwa kwanza."

Pale magari yalipokuwa yakipanga foleni, tulikuta mbuzi na watoto wa skuli. Tulikaa chini ya mti. Tulikuwa tumejipanga kumuomba radhi hapo, na mama alikuwa ametupa maneno yake tuyafikishe. Tukayafikisha. Dada akasema amesamehe zamani, ila alitaka kuyasikia yakisemwa hapa.

Kisha tukatoa tulichobeba. Tulikuwa tumemshonea gauni, kwa siri, la hariri rangi ya maziwa, kifua chote shanga. Tukamwambia, hili ni jibu la lile swali lako la kwenye gari.

Alilitazama, akalishika, akaliweka begani. Akatutazama.

"Mmenipima lini?"

Tukanyamaza. Tulikuwa tumelikisia kwa macho, kwa gauni lake la zamani.

"Yaani mmenishonea tena bila ya kuniuliza," akasema, na akacheka mpaka akashika mti. Lilimbana kwapani, na rangi hiyo haipendi.

Turudipo kwenye kazi yetu: hatujawahi kumkatia bi harusi kitambaa kabla ya kumpima mara tatu. Tunamuuliza shingo iwe wapi, mkono uishie wapi, anataka kujificha wapi na kuonekana wapi. Mgeni kabisa, tunamuuliza. Yeye wa damu yetu, akiumwa, tulimkisia.

Kwako bi harusi

Hatukuandika haya ili uogope uzazi. Kichaa cha uzazi huwapata mama mmoja au wawili kati ya kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kinatibika. Huzuni nzito ya baada ya kujifungua ni ya watu wengi zaidi, na nayo inatibika. Yote mawili hayatokani na upungufu wa imani. Tumefundishwa tangu chuoni kuwa kalamu haimwandikii aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Kama Mola wake hamwandikii, sisi tunamwandikia nini?

Kabla ya akdi, semeni ukweli. Kama wewe au yeye mmewahi kuugua akili, aambiwe mwenzio, kwa heshima, kabla ya siku ya siku. Huko Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaihesabu hali ya kurukwa na akili mara kwa mara kuwa moja ya sababu za mahakama kubatilisha ndoa, na katika fikihi yetu ya Kishafi wazimu umo katika aibu zinazompa mwenza haki ya kuvunja. Kuficha hakulindi ndoa. Kunaitia ufa siku ya kwanza.

Unapokaa na somo wako akikufundisha mambo ya nyumba na ya usafi, muulize na hili: siku za arobaini, nani atakuwa analala na mimi, na akiniona silali atamwambia nani?

Andika karatasi yako. Haihitaji shahada. Sisi wenyewe tumeandika zetu, na tuliishia sekondari. Mwambie mumeo ilipo.

Na wewe ambaye ndani ya nyumba yako yumo anayeumwa sasa hivi, na kikao kimeshaitishwa sebuleni: mpigie simu daktari, soma dua zako, lakini kwanza nenda chumba cha pili. Kaa chini. Muulize. Huenda asijibu. Huenda akajibu maneno yasiyoeleweka. Muulize tu, na usimwambie mnakwenda harusini kama hamwendi.

Gauni lile tulilifumua tuliporudi. Safari hii alisimama katikati ya duka, mikono kando, tukampima. Rangi kachagua yeye, kijani cha majani ya mgomba, shanga kidogo, mikono mirefu. Limetundikwa nyuma ya mlango, limefunikwa shuka, likisubiri tasnifu imalizike na siku ya joho ifike, inshaallah. Mkipita dukani mtaliona. Tafadhalini msiliombe, limeshapimwa kwa mtu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awahifadhi wazazi wote katika arobaini zao, na atupe sisi ndugu masikio kabla ya mikono. Amin.